"I Was Stolen My Phone": Dhana Potofu Kuhusu Kauli ya Kutendwa ya Kiingereza

Kwenye madarasa ya tuisheni, kuanzia Mbagala mpaka Tegeta, kuna kanuni inayosambaa kuliko zote: ukiona "was" au "were", hiyo ni kauli ya kutendwa. Siyo kweli. "She was cooking rice" ni kutenda kutupu, yeye ndiye kashika mwiko. Kwa kawaida kutendwa kunahitaji vitu viwili vikae pamoja: "be" katika umbo lolote, na kitenzi kutoka safu ya tatu ya lile jedwali tulilokaririshwa, "eat, ate, eaten". Wakati wowote unakubali: "Fish is sold at Feri" ni ya leo, "The fish will be sold" ni ya kesho.

Kanuni ya pili ni ile ya "by". Mtendwa aje mbele, mtenda arudi nyuma, katikati weka "by". Kwenye mtihani inakupa alama. Nje ya mtihani inazaa vituko kama "My wallet was stolen by someone". Sasa kama si "someone", angeiba nani, mbuzi? Wenye lugha yao mara nyingi humwacha mtenda kabisa, kwa sababu hajulikani, au hana umuhimu, au kila mtu anamjua. "The road has been closed" inamtosha dereva anayetafuta pa kupita. Na mtenda akitajwa, usimchanganye na kifaa. "Alipigwa na mgambo kwa rungu": "na" ya mgambo ni "by", "kwa" ya rungu ni "with".

Lakini shughuli yenyewe iko kwenye dhana ambayo haisemwi kwa sauti, nayo ni kwamba kinachotendwa kwa Kiswahili kitatendeka vilevile kwa Kiingereza. Mtu kachomolewa simu kwenye mwendokasi. Anafika kazini amechelewa, anamwambia bosi: "I was stolen my phone." Kwa Kiswahili hana kosa. Nimeibiwa simu: "ibia" inamleta mtu aliyeumizwa na wizi, kisha "-w-" inampandisha awe kiima. "Steal" haina nafasi ya mtu huyo. Inajua kitu kilichochukuliwa tu, kwa hiyo ni "My phone was stolen". Ukitaka lazima uanze na wewe mwenyewe, sema "I had my phone stolen". "I was robbed" nayo ipo, ila mara nyingi inaashiria nguvu au vitisho, na bosi atakuuliza kama umeumia.

Angalia pia "nimefiwa na baba". Kafa mwingine, anayetendwa ni aliyebaki. Ni uwezo mkubwa wa lugha yetu, na Kiingereza hakinao kwa kitenzi "die", ambacho hakikubali kutendwa hata ukikibembeleza. Utasema "My father has died" au "I have lost my father". Kwa mvua una nafuu kidogo: "nimenyeshewa" inaweza kuwa "I got rained on", lakini ile "on" ikidondoka, sentensi nzima imedondoka.

Kosa la namna hiyohiyo ni "The accident was happened". "Happen" haina shamirisho, yaani kitu kinachotendwa, kwa hiyo hakuna cha kuleta mbele. Na hata neno likiwepo nyuma ya kitenzi, bado si kibali: "This khanga costs ten thousand shillings" haigeuki. Ajabu ni kwamba pale lugha mbili zinapokubaliana ndipo wengi wanapoogopa. "Nilipewa zawadi" ni "I was given a present", safi kabisa, lakini mwanafunzi atazunguka mpaka "A present was given to me".

Wapo wanaoamini kwamba kugeuza kauli hakugusi maana. Mwanaisimu Noam Chomsky alitoa mfano mwaka 1957: "Everyone in the room knows at least two languages." Huyu Kiswahili na Kizaramo, yule Kiingereza na Kichina. Igeuze iwe "At least two languages are known by everyone in the room", na wengi watasikia lugha mbili zilezile kwa wote.

Mwisho kuna wanaosema kutendwa ni uandishi mbovu, kauli ya wanaoficha mambo. Mwandishi George Orwell alishauri katika insha ya mwaka 1946 tuikwepe kila inapowezekana, ila sentensi ya kwanza ya insha hiyohiyo ina "it is generally assumed". Na kuficha? "The money disappeared" ni kutenda, na mwizi hayumo. "The money was taken by the cashier" ni kutendwa, na keshatajwa.

Mimi huangalia habari ni ya nani. Unaandika insha kuhusu Daraja la Kigamboni: "It was opened in April 2016." Ukilazimisha "President Magufuli opened it in April 2016", sarufi ni nzuri, lakini sasa msomaji anasubiri uendelee kumweleza habari za rais.