Korona ya mkonge ni nini?

Wengi wakisikia korona wanakumbuka ugonjwa wa 2020. Huku Korogwe, Hale na Ngombezi, mkoani Tanga, neno hilo ni la zamani zaidi. Korona ni mtambo wa kuchakata mkonge, pamoja na jengo zima ulimofungwa. Jina limetokana na Corona, mashine ya kampuni ya Krupp ya Ujerumani.

Mkonge wenyewe uliletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Jani likikatwa huondolewa mwiba wa ncha, hufungwa mafungu ya majani 30 na kupelekwa korona. Pale mezani wapo watu wa kuyafungua na kuyapanga sawasawa, kisha mkanda huyavuta hadi kwenye magurudumu mawili yenye visu butu. Lazima viwe butu, kwani kisu kikali kingekata singa, yaani nyuzi zilizo ndani ya jani. Gurudumu la kwanza hukwangua nusu ya jani, la pili humalizia nusu iliyobaki, na muda wote maji yanamwagika kuosha nyama ya jani. Singa hutoka mbichi, zina ukijani, zinatiririka maji, na huanikwa juani kwenye nyaya hadi ziwe nyeupe. Baada ya hapo hupigwa brashi na kufungwa beli za kilo 250.

Kilo 100 za majani hutoa kama kilo 4 tu za singa kavu. Nani angebeba mzigo huo hadi mjini? Ndiyo sababu korona zilijengwa ndani ya mashamba, penye maji, na kambi za manamba, wale vibarua waliotolewa mikoa ya mbali, zikajengwa jirani. Vijiji kadhaa vya leo vilianza hivyo.

Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Kamba za plastiki zilipoenea, bei ikaanguka na korona nyingi zikanyamaza. Chache zinanguruma hadi leo. Nyingine zimebaki kuta na msingi wa mashine, na mimi naona zinastahili kibao cha historia kama boma lolote la Mjerumani, maana waliozijaza jasho ni babu zetu.