Ujumuishi: mgeni anapopewa jembe

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi wetu tunautumia msemo huu kumkumbusha mgeni kwamba amekaa mno. Mimi nausikia vingine. Anayepewa jembe ameshahesabiwa wa nyumbani: atalima nasi, atakula tulichovuna, na tukikaa kuzungumzia shamba naye atasema lake. Kumwambia mtu "karibu, pita ndani" ni kukaribisha. Kumpa jembe ni kujumuisha, na neno ujumuishi, linalosikika sana vyuoni siku hizi, linabeba maana hii ya pili.

Tuchukue chuo kikuu cha Kikatoliki hapa Moshi, mji wenye Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Mwenge kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Darasa moja la chuo cha namna hiyo linaweza kuwa na Mkatoliki wa Kibosho, Mlutheri wa Machame, Msabato wa Upareni na Mwislamu wa Pemba. Siku ya kwanza wote wanapokewa vizuri, na mapokezi hayo yana thamani yake. Ugumu huja wiki ya tatu. Mtihani ukiwekwa Jumamosi, Msabato afanyeje? Kipindi cha lazima kikiangukia saa saba mchana wa Ijumaa, Mwislamu achague lipi? Mwezi wa Ramadhani, kantini ikifungwa saa kumi na mbili kamili, aliyefunga atafuturu wapi, wakati adhana ya magharibi bado? Hakuna aliyemfukuza. Ratiba tu imepangwa na watu ambao hawakumkumbuka, na kwa maoni yangu hivyo ndivyo watu wanavyotengwa mara nyingi: kwa kusahauliwa, bila chuki yoyote.

Wapo Wakatoliki wenzangu wanaoogopa kwamba kuwakumbuka wasio Wakatoliki katika ratiba na mipango kutapunguza ukatoliki wa chuo. Hofu hiyo naielewa, lakini hati za Kanisa zenyewe zinaijibu. Neno katoliki limetoka katika Kigiriki, likiwa na maana ya kitu kizima, cha wote. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la Nostra aetate, ulikataa ubaguzi wowote kwa sababu ya taifa, rangi, hali ya maisha au dini. Kisha tarehe 15 Agosti 1990 Papa Yohane Paulo II alitoa Ex corde Ecclesiae, hati inayoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki. Humo imeagizwa kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Hati hiyo hiyo inawataka walimu na wanafunzi wasio Wakatoliki nao wautambue na kuuheshimu ukatoliki wa chuo. Kwa hiyo msalaba unabaki ukutani, Misa ya kufungua mwaka inaadhimishwa, na asiye Mkatoliki halazimishwi kupokea komunyo wala kubadili dini. Mwenye nyumba hafichi imani yake ili mgeni akae kwa raha.

Ujumuishi hauishii kwenye dini. Mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu akikuta maktaba iko ghorofani na njia ni ngazi tupu, karibu yetu imeishia chini pale pale. Kiziwi bila mkalimani wa lugha ya alama anakaa darasani kama mtu aliye nje ya dirisha. Hapa hata hatuzungumzii hisani: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaitambua elimu kuwa haki yao. Na yule ambaye bumu, yaani pesa yake ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia, anayeacha kikundi chake cha kazi kwa aibu ya kukosa pesa ya fotokopi, naye yumo katika hesabu hii.

Nikitaka kujua chuo kimefika wapi, sitazami bango la getini. Natazama nani wanakaa kwenye vikao: serikali ya wanafunzi, kamati ya chakula, kamati ya ratiba. Pale anapokaa Msabato mmoja, Mwislamu mmoja na mwenye ulemavu mmoja, swali la mtihani wa Jumamosi linaulizwa kabla karatasi ya ratiba haijabandikwa ubaoni.