Taipufesi na Fonti: Mpaka Uko Wapi?

Katika kazi ya usanifu wa kurasa, maneno ninayoyasikia yakitumiwa kana kwamba ni kitu kimoja ni taipufesi na fonti. Taipufesi ni umbo, yaani mchoro wa herufi wenye tabia moja kuanzia A hadi Z, pamoja na tarakimu na alama za uakifishaji. Helvetica, iliyotoka Uswisi mwaka 1957 kwa jina la Neue Haas Grotesk, ni taipufesi. Fonti ni umbo hilo likishatiwa ndani ya kifaa cha kuchapia.

Zama za herufi za risasi mpaka huu haukuwa na utata. Fonti ilikuwa seti ya vipande vya risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, vilivyosubiwa kwa saizi moja na mtindo mmoja, hivyo Garamond (taipufesi nyingine) ya mlazo, yaani ya herufi zilizoinama, ya pointi 12, pointi zikiwa kipimo cha ukubwa wa herufi, ilikuwa fonti moja, na ya pointi 14 ilikuwa nyingine kabisa. Wala hazikutofautiana kwa ukubwa tu. Mchongaji stadi alizipanua kidogo herufi za pointi 6, akainenepesha mistari yake myembamba na kuziachanisha zaidi, ili wino usizibe matundu ya a na e, ilhali za pointi 48 alizichonga kwa mistari myembamba kama unywele. Ustadi huo ninauheshimu sana.

Kompyuta ilipoleta mchoro mmoja unaokuzwa na kupunguzwa upendavyo, saizi ikaacha kuwa sehemu ya fonti, na menyu za programu zikaanza kuorodhesha taipufesi chini ya neno “fonti”.

Tofauti hiyo bado ina uzito kisheria. Nchini Marekani, umbo la taipufesi halilindwi na hakimiliki, lakini faili la fonti huweza kulindwa kama programu ya kompyuta. Anayelipia leseni hanunui umbo. Anapewa ruhusa ya kutumia faili, na mara nyingi ruhusa ya kuchapa kitabu haijumuishi kulipachika kwenye tovuti.

Tangu 2016, OpenType, muundo wa mafaili ya fonti za kompyuta, umeruhusu faili moja kubeba unene wote wa herufi, kutoka mwembamba hadi mzito. Mteja akiniagiza “fonti ileile, ila nzito”, kwa faili la namna hiyo agizo lake ni sahihi. Kwa familia yenye faili la kila unene, anachohitaji ni fonti nyingine ya taipufesi ileile.