Red Cliff ya John Woo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Filamu chache za China zimezungumzwa sana na kueleweka kidogo kama Red Cliff ya mwongozaji John Woo. Ni kazi kubwa, imegharimu fedha nyingi, na maneno yanayoizunguka mitandaoni mengi hayana mguu wa kusimamia. Naipenda, kwa hiyo nitayapitia moja baada ya jingine.

“Ni filamu ya kung fu”

Kwenye vibanda vyetu vya video filamu yoyote ya Wachina wenye panga hupewa jina hilo. Hii ni filamu ya vita. Inasimulia mapigano ya Chibi, ndiyo Red Cliff yenyewe, kwenye Mto Yangtze, majira ya baridi ya mwaka 208 kuingia 209, ufalme wa Han ukiwa unaporomoka. Cao Cao, waziri mkuu aliyemshika mfalme mkononi, alishuka na majeshi kutoka kaskazini. Wababe wawili wa vita, Liu Bei na Sun Quan, ambao kila mmoja peke yake asingefua dafu, wakaungana kumzuia. Hakuna anayeruka juu ya mapaa. Pambano kubwa la nchi kavu katika sehemu ya kwanza linategemea ngao: farasi wa Cao Cao wanavutwa kwenye vumbi, ngao zinafunga njia nyuma yao, na mikuki inachomoza katikati ya ngao hizo. Ukitazama kwa makini unaona mpango mzima wa uwanja, nani anasukumwa wapi na kwa nini.

“Kila kilichoonyeshwa kilitokea”

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapojikwaa kwa pande zote mbili.

Habari za vita hivi zimetufikia kwa njia mbili. Kuna kumbukumbu za Chen Shou, mwanahistoria wa karne ya 3, na kuna riwaya ya Falme Tatu inayohusishwa na Luo Guanzhong wa karne ya 14. Wachina wengi wameikulia riwaya. Woo alisema wazi kwamba alitaka kuegemea zaidi kumbukumbu, na kwa Zhou Yu, kamanda wa majeshi ya Sun Quan, alifanya hivyo kweli. Riwaya inamchora Zhou Yu kama mtu anayekufa kwa kijicho, akimwonea wivu mshauri wa Liu Bei, Zhuge Liang. Chen Shou anamsifu kwa moyo mpana, tena anasema alikuwa na sikio kali la muziki: mpigaji akikosea, hata kama Zhou Yu amekwisha kunywa pombe, lazima angegeuka kumtazama. Sasa rudi kwenye filamu. Askari wako mazoezini, kijana anapiga filimbi, Zhou Yu anasimamisha kila kitu. Anaichukua filimbi, anachonga tundu kidogo kwa kisu, anamrudishia. Watazamaji wengi huona ni pambo tu, kumbe ni sentensi ya Chen Shou iliyogeuzwa kuwa picha.

Upepo uliopeleka moto kwenye meli za Cao Cao nao umetendewa hivyo. Katika riwaya Zhuge Liang anauomba upepo wa kusini-mashariki kwa ibada. Katika filamu anausoma kama mkulima anayejua mawingu ya kwao.

Lakini yapo mengi ya kubuni. Sun Shangxiang, dada yake Sun Quan, hakuingia kambi ya adui kufanya upelelezi. Xiao Qiao, mke wa Zhou Yu, hakuvuka mto kumchelewesha Cao Cao kwa chai, na Cao Cao hakuanzisha vita kwa kumtamani. Hadithi hiyo ya tamaa ni ya washairi na riwaya. Wazo la moto, kwa mujibu wa Chen Shou, lilitoka kwa jenerali Huang Gai, aliyetuma barua ya uongo ya kujisalimisha kisha akapeleka mashua zilizojaa kuni na mafuta. Riwaya inaongeza kwamba alikubali kuchapwa viboko ili aaminiwe. Filamu inamwonyesha akijitolea kuchapwa, na Zhou Yu anakataa. Hata idadi ya askari ina mgogoro wake: Cao Cao alijigamba kuwa na 800,000, ila Zhou Yu alimwambia Sun Quan kwamba wa kaskazini hawazidi 160,000, nao wamechoka, na wengine kama 70,000 au 80,000 ni wa jimbo la Jing waliotekwa.

“Ilipata hasara”

Anayesema hivi ametazama Marekani peke yake, ambako ilioneshwa katika kumbi chache mwishoni mwa 2009 na haikufikisha hata dola milioni 1. Bajeti ilikuwa karibu dola milioni 80, kubwa kuliko ya filamu yoyote iliyogharamiwa Asia hadi wakati huo. Ndani ya China, sehemu ya kwanza peke yake ilipita yuan milioni 300 na kuvunja rekodi ya filamu za nchini. Japani kila sehemu ilivuka yen bilioni 5. Huko habari za Falme Tatu zimependwa vizazi na vizazi kwenye vitabu, katuni na gemu. Jumla ya mapato duniani ni kama dola milioni 250.

Wala si kweli kwamba Wachina waliipokea bila neno. Walijaza kumbi, na humo humo wakacheka mazungumzo. Jibu la Zhuge Liang kila anapoulizwa kama anajua jambo fulani, “najua kidogo,” lilikuwa utani wa nchi nzima. Wakacheka pia Xiao Qiao akimbembeleza mtoto wa farasi asimame. Mimi tukio hilo nalitetea. Zhuge Liang amekuja kuomba muungano, anamkuta jike la farasi linashindwa kuzaa, anapiga magoti kwenye majani na kulizalisha. Baada ya hapo Zhou Yu hahitaji hotuba ndefu.

“Moto wote ni wa kompyuta”

Kompyuta ilitumika sana, ndiyo. Lakini moto mwingi uliwashwa kweli, juu ya maji, usiku. Juni 2008 mashua iliyokuwa ikiwaka iligonga meli kubwa wakati wa kupiga picha. Kijana wa miaka 23 aliyeigiza matukio ya hatari alifariki, na wenzake 6 wakajeruhiwa. Mtu asitaje moto huo kwa dharau.

“Chow Yun-fat aligombana na Woo”

Mwigizaji huyu, aliyekuwa acheze Zhou Yu, alijitoa Aprili 2007 upigaji picha ulipoanza, akisema muswada ulimfikia kwa kuchelewa. Mtayarishaji Terence Chang alitaja masharti ya mkataba ambayo kampuni ya bima haikuyakubali. Tony Leung, aliyekuwa amekwisha kuikataa nafasi ya Zhuge Liang, akarudi kuwa Zhou Yu, naye Takeshi Kaneshiro akawa Zhuge Liang.

“Nimeiona yote”

Huenda hujaiona. Red Cliff ilitungwa tangu mwanzo kama hadithi moja ya sehemu mbili, si kwamba ya pili ilifuata kwa sababu ya kwanza iliuza. Zilitoka China tarehe 10 Julai 2008 na 7 Januari 2009, na kwa pamoja zinapita saa nne na nusu. Kwa nchi za Magharibi zilikatwa zikawa filamu moja ya dakika 148, yenye msimulizi wa Kiingereza mwanzoni. Ukimsikia huyo, unaangalia iliyokatwa.

Mfano wa kilichopotea ni mishale. Katika toleo kamili, Zhuge Liang anaahidi kuleta mishale 100,000 kwa siku tatu, Zhou Yu anaahidi kuwaondoa makamanda wawili wa majini wa Cao Cao, na kila mmoja anaweka kichwa chake rehani. Ndipo mashua zenye majani makavu zinapoingia kwenye ukungu kupigwa mishale. Katika toleo fupi mashua zimebaki, rehani imeondolewa, na tukio limekuwa ujanja tu usio na hofu ndani yake.

Na mishale hiyo ya Zhuge Liang ni ya riwaya. Kisa kinachokaribia katika maandishi ya kale ni cha Sun Quan, mwaka 213: meli yake ilipigwa mishale upande mmoja hadi ikainama, akaamuru igeuzwe ipigwe na upande wa pili, ikakaa sawa, akaondoka nayo.