Umeapdeti seva, lakini umeiristati?

Wengi wanaokuja kwetu hapa Mombasa kutaka ushauri wa usalama wa seva, tukiwauliza kama wameapdeti Linux, mfumo unaoendesha seva zao, wanasema ndio, tena kitambo, lakini mashine yenyewe haijazimwa mwaka mzima. Hapo roho yangu hushtuka manake kerneli, ile programu ya ndani kabisa inayogawa memori na ruhusa, ukiweka mpya inakaa tu kwenye diski, inayofanya kazi bado ni ile ya zamani mpaka uristati.

Sasa angalia Dirty COW, tobo la usalama ndani ya kerneli ya Linux, namba yake rasmi CVE-2016-5195. Tobo hili liliingia na Linux 2.6.22 mwaka 2007, likazibwa Oktoba 2016, na simu za Android pia zilikuwa nalo.

Lilikuwa hivi. Chukulia duka la jumla pale Marikiti lina daftari la madeni, kusoma ruhusa, kuandika hapana. Ukitaka kuandika karani anakutolea nakala yako. Akishaitoa anafuta neno "kuandika" kwenye kikaratasi chake, anaona hilo limekwisha, halafu anarudi kuichukua. Sasa una mwenzako amesimama kando kazi yake ni moja, kuitupa ile nakala kabla karani hajaifikia, mnarudia mara elfu na elfu mpaka siku inagonga: karani anakuta nakala hakuna, kikaratasi kinasema kusoma tu, basi anakupa daftari lenyewe na kalamu unayo mkononi. Kwa kompyuta karani ni kerneli na daftari ni faili, ndo mtu wa akaunti ya kawaida anaandika kwenye faili ya mfumo na kujifanya mkubwa wa mashine nzima.

Marekebisho yalikuwa mistari michache tu: karani asifute "kuandika", apige muhuri kwamba nakala imetoka, na kabla ya kalamu kugusa karatasi ahakikishe ile nakala ipo kweli. Mwenzako atupe atakavyo, daftari halitoki. Mimi nayaona mazuri sana, ingawa mwaka 2017 yenyewe yakapatikana na tobo upande wa kurasa kubwa za memori, yaani memori inapogawiwa kwa vipande vikubwa, CVE-2017-1000405, ikabidi watu waapdeti tena.

Kwa hivo leo usiku wateja wakishatulia, andika amri uname -r kwenye terminali, itakuonyesha kerneli inayofanya kazi sasa, linganisha na kerneli ya mwisho uliyoweka, namba zikitofautiana ristati hapo hapo.