SATA bado haijafa: angalia tundu kabla ya kununua diski

Mtu akitaka kubadilisha diski ya kompyuta, swali huwa lile lile: anunue ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ya zamani ya waya, au SATA imeshapitwa na wakati na afadhali aende moja kwa moja NVMe, njia mpya yenye kasi zaidi? Jibu linategemea kilichomo ndani ya diski yenyewe. Kwenye laptopu mpya, NVMe imeshashinda na mjadala umefungwa. Kwenye diski kubwa za kuhifadhia data, zile zenye sahani zinazozunguka, SATA itakuwepo kwa muda mrefu bado.

Tuanze na ile iliyokufa kweli. Kabla ya SATA kulikuwa na PATA, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa jina la IDE. Waya wake ulikuwa bapa na mpana, wenye nyuzi 40 na baadaye 80, na haukutakiwa kuzidi sentimita 46. Diski mbili ziligawana waya mmoja, hivyo ilibidi uhamishe kijampa, kile kiplastiki kidogo cha kuunganisha pini mbili, nyuma ya kila diski ili ijulikane ipi ni ya kwanza na ipi ni ya pili. Ukikosea, huenda zote mbili zisionekane. Kasi yake ya mwisho ilikuwa megabaiti 133 kwa sekunde. SATA ilipoingia mwaka 2003 ilileta megabaiti 150, yaani karibu sawa tu. Baadhi ya diski za kwanza za SATA zilikuwa PATA kwa ndani, zimewekewa chipu ya kutafsiri. Kilichoiondoa PATA hakikuwa kasi. Ni waya mwembamba wa pini 7 unaofika mita moja, kila diski na waya wake, na hakuna cha kijampa. Mwaka 2006 Intel ilitoa chipu yake ya ICH8 bila PATA, na waliotaka kuendelea kuweka tundu hilo kwenye ubao mama ikabidi wanunue chipu ya pembeni. Haikuchukua miaka mingi tundu likatoweka.

Kati ya SATA na NVMe mambo ni tofauti, kwa sababu safari hii diski yenyewe imebadilika. SATA ya kizazi cha tatu inabeba gigabiti 6 kwa sekunde. Kila baiti husafiri kama biti 10, kwa hiyo kikomo ni megabaiti 600, na katika matumizi utapata kama 550. NVMe, ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2011, inapita kwenye PCIe, njia ya kasi ya ubao mama: SSD (diski isiyo na sahani, inayohifadhi data kwenye chipu) ya PCIe kizazi cha tatu husoma hadi megabaiti 3,500 hivi, na ya kizazi cha nne hufika 7,000. Tena SATA hupanga maombi kwenye foleni moja ya nafasi 32, wakati NVMe inaruhusu foleni zaidi ya 65,000. Ni kama benki yenye dirisha moja na benki ambayo kila mteja ana dirisha lake.

Sasa chukua diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 8.3. Kichwa kikishahamia mahali pake, bado kinangoja data ifike chini yake, kwa wastani nusu mzunguko. Jumla ni kama milisekunde 12 kwa kila faili dogo lililotawanyika, sawa na maombi 80 hivi kwa sekunde. Hata inaposoma faili moja kubwa lililonyooka, diski nzuri huishia karibu megabaiti 280, chini ya nusu ya uwezo wa SATA. Ukiipa NVMe haiongezi kasi yoyote. Kanuni za NVMe 2.0 za mwaka 2021 ziliweka nafasi kwa diski za sahani, lakini lengo ni seva zizungumze lugha moja na diski zote. Na kama unadhani tatizo ni kiolesura, yaani njia ya kuunganisha diski, piga hesabu: kujaza diski ya terabaiti 20 kwa wastani wa megabaiti 200 kwa sekunde ni saa 28 mfululizo.

Inayobanwa kwelikweli ni SSD ya SATA. Iko katikati: bei yake imekaribiana na ya NVMe ndogo, na laptopu nyingi mpya hazina tena nafasi ya kuiweka. Hata hivyo, kwa kompyuta zilizotumika zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, na zilizojaa maofisini na mashuleni kwetu, bado ndiyo matengenezo yenye faida kubwa kuliko yote. Kutoka diski ya sahani kwenda SSD ya SATA, mtumiaji anaona tofauti siku hiyo hiyo. Kutoka hapo kwenda NVMe, anayeandika barua na kujaza majedwali hataona kitu. Wa kuhariri video ndiye atakayeona.

Kabla hujatoa pesa

Fungua mashine kwanza. M.2 ni jina la umbo tu la kijiti cha SSD na tundu lake, na watu wengi hupoteza pesa kwa kudhani maana yake ni NVMe. Kijiti cha M.2 kina upana wa milimita 22. Namba 2280 maana yake ni urefu wa milimita 80, na 2242 ni milimita 42. Kishike uangalie meno ya dhahabu. Mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, pengo moja ni NVMe, lakini zipo NVMe chache zenye mapengo mawili, kwa hiyo soma lebo pia. Tundu linaweza kupokea kijiti vizuri kabisa, skrubu ikafungwa, halafu BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha mashine) isione chochote kwa sababu tundu hilo ni la SATA peke yake, au la modemu. Kitabu cha ubao mama kinaeleza. Hicho hicho kitakuambia kama kuweka kijiti cha M.2 kutazima tundu moja au mawili ya SATA, jambo linalowafanya watu wadhani diski yao ya zamani imekufa.

Wakati wa kufunga, zima mashine, chomoa chaji, tenganisha betri, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10. Ingiza kijiti kikiwa kimeinuka kama nyuzi 30, kisukume hadi meno yamezama, ndipo ukilaze na kufunga skrubu. Kama kuna kipande cha kupoza joto, bandua nailoni iliyo kwenye gundi yake. Ikiachwa hapo joto halitoki, na NVMe ikipata moto sana hujipunguzia kasi yenyewe.

Kwenye SATA, kinachovunjika mara nyingi ni ulimi wa plastiki wenye umbo la L ndani ya diski. Vuta kichwa cha waya kikiwa kimenyooka, usikitikise pembeni. Kwenye mashine nyingi za Intel Core za kizazi cha pili na cha tatu, si matundu yote ya SATA yanafika gigabiti 6. Mengine ni ya 3. SSD iende kwenye lile la 6. Adapta za kugeuza umeme wa Molex (plagi ya zamani ya pini 4) kuwa wa SATA zenye kichwa cha plastiki iliyoyeyushwa juu ya nyaya ziepuke: nyaya husogea ndani, zikagusana, zikawaka.

Kompyuta ya mezani isiyo na M.2 inaweza kupewa NVMe kwa kadi ya PCIe, lakini BIOS ya zamani huenda isikubali kuwasha mfumo kutoka hapo. Itatumika kwa data tu. Windows 7 nayo haina draiva ya NVMe tangu mwanzo.

Kama programu ya kusakinisha Windows haioni diski ambayo BIOS inaiona, angalia kwenye BIOS kama mpangilio wa diski uko RAID (kuunganisha diski kadhaa) au RST (mfumo wa Intel wa kazi hiyo). Mara nyingi inatakiwa AHCI, mpangilio wa kawaida, au draiva ya RST kwenye flashi. Ubadilishe kabla ya kusakinisha. Windows ikiwa tayari ipo, ukibadilisha ghafla utapata skrini ya bluu: weka kwanza iwake kwa hali salama, badilisha, iwashe mara moja, ndipo uirudishe kawaida. Na kama BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data ya diski, imewashwa, andika ufunguo wake wa kurejesha kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Mwenye diski ya IDE kabatini asisubiri. Tafuta adapta ya USB yenye pini 40 kwa diski kubwa na 44 kwa ya laptopu. Ile kubwa inahitaji umeme wa volti 12 kutoka nje, USB peke yake haiiwashi. Mstari mwekundu wa waya bapa ukae upande wa tundu la umeme, kijampa kiwe kwenye nafasi ya diski ya kwanza, na uanze na faili usizoweza kuzipata kwingine.