PLL Ikishika, Kazi Bado: Dhana Potofu na Ukweli

PLL, yaani kitanzi cha kufunga fezi, ni saketi inayoifanya osileta (kizalisha mawimbi) ifuate kristali, ambayo ndiyo rejea ya masafa; imo ndani ya karibu kila kifaa chenye redio au prosesa. Wazo lenyewe ni la zamani: Mfaransa Henri de Bellescize alilieleza mwaka 1932. Kilinganishi hupima tofauti ya fezi, yaani hatua ya wimbi katika mzunguko wake, kati ya kristali na osileta ambayo masafa yake yamegawanywa kwanza na kigawanyo, kichujio hulainisha matokeo, kisha volteji inayobaki huivuta osileta mpaka fezi zikubaliane. Maelezo ni mepesi, ndiyo maana wengi hudhani na ubunifu wake ni mwepesi.

Dhana: Taa inayoonyesha kitanzi kimefunga ikiwaka, kazi imekwisha.

Taa husema kitanzi kimeshika, basi. Haisemi mawimbi ni safi, wala kwamba kitanzi kimetulia. Weka osiloskopu mahali ambapo haitaelemea kichujio, iamuru saketi iruke kutoka masafa ya chini hadi ya juu, uangalie volteji ya kuongoza osileta. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena mara kadhaa kabla ya kukaa, akiba ya fezi, yaani nafasi iliyobaki kabla kitanzi hakijaanza kuyumba chenyewe, ni ndogo. Wabunifu wengi hulenga nyuzi 45 hadi 60. Rudia jaribio kwenye ncha zote mbili za bendi, kwa kuwa osileta haiitikii volteji kwa kiasi kilekile kila mahali. Kitanzi kinachotulia katikati ya bendi huweza kuyumba pembeni.

Dhana: Kitanzi kikiwa kipana, yaani kichujio chake kikipitisha mabadiliko ya kasi, ni bora, kwa kuwa hushika haraka.

Haraka ni kweli. Lakini kichujio kipana hupitisha pia mapigo ya kilinganishi, nayo hujitokeza kwenye spektra (mchoro wa nguvu kwa kila masafa) kama miiba pande mbili za mawimbi makuu. Wengi hufuata kanuni ya moja ya kumi: ukilinganisha fezi kwa 200 kHz, upana usivuke 20 kHz. Kubana kupita kiasi nako kuna gharama yake. Kitanzi husafisha kelele za osileta ndani ya upana wake tu; nje ya hapo osileta hubaki na kelele zake. Kelele za kristali na kilinganishi nazo hukuzwa na kigawanyo: ukigawa kwa 100, zinapanda desibeli 40. Mahali pazuri ni pale kelele hizo mbili zinapokutana.

Dhana: Kapasita yoyote yenye thamani sahihi inatosha.

Kwenye kichujio, haitoshi. Kapasita za seramiki za aina ya X7R hubadilika thamani kadiri volteji inavyobadilika, na zikitikiswa huzalisha volteji zenyewe. Chukua osileta inayosogea 20 MHz kwa kila volti: milivolti 1 tu huisogeza 20 kHz. Gonga bodi taratibu kwa mpini wa bisibisi huku ukitazama spektra, utaona mawimbi yakitetemeka. Tumia C0G, seramiki zisizo na kasoro hizo, au za filamu.

Dhana: Kuweka mita kwenye kichujio hakudhuru.

Mita ya megaohmu 10 kwenye volti 2.5 huvuta mikroampea 0.25. Ni kidogo, ila pampu ya chaji, sehemu ya kilinganishi inayosukuma mkondo kwenye kichujio, lazima iufidie mkondo huo kila mzunguko, na miiba inakua. Weka kwanza bafa, yaani saketi ya kutenganisha mita na kichujio, yenye mkondo mdogo sana wa kuingia.

Dhana: PLL husahihisha kosa la kristali.

Hulinakili. Kristali ya 10 MHz iliyopotoka kwa 100 Hz itatoa kosa la 10 kHz kwenye 1000 MHz. Na hapa ndipo urekebishaji huharibika kimyakimya: kaunta ya kupimia masafa ikiwa inatumia kristali ileile ya saketi, zote mbili zinakosea pamoja na skrini inaonyesha namba kamili. Pima kwa rejea huru, kama saa ya atomi ya rubidi au saa inayoongozwa na GPS, na uiguse trima (kirekebishi cha masafa ya kristali) baada tu ya kifaa kupata joto lake la kawaida la kazi.